Nikisema "sina" najiona kama nimeua mtu. Naombeni ushauri

Habari wakuu. Mimi ni muuguzi, miaka 34, nipo Dodoma. Kwetu ni kifungua mimba, tuko watano. Tangu nasoma darasa la nne mama alikuwa anawaambia wageni "huyu ndiye mkono wangu", na kweli nikawa mkono wa kila mtu.

Mdogo wangu wa nne anabeti. Mwaka jana nilimpa kodi ya miezi sita, akafukuzwa ndani ya miwili, kumbe hela haikumfikia mwenye nyumba. Nikamnunulia pikipiki apige boda, akaiweka rehani. Mwezi wa pili nikakopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, laki nane niwalipe waliokuwa wanamtafuta. Marejesho ya kila wiki natoa mimi, yeye anaweka mikeka yake ya kubeti stetasi. Mume wangu hajui.

Aibu yenyewe ni hii: akikaa siku tatu kimya, mimi ndiye nampigia. "Umekula?" Nifanyeje?

Mzee wa Kizota: Kadi ya pikipiki ina jina la nani? Kama ni lako, anzia hapo.

Mama Wawili: Pole mdogo wangu. Miaka tisa nilimfichia mume wangu mlevi, kazini kwao nasema ana malaria. Kuna vikundi vinaitwa Al-Anon, vilianza Marekani 1951, na wanaokaa mle si walevi, ni sisi tunaowabeba. Wanasema ulevi wake hukuusababisha, huwezi kuutawala, huwezi kuuponya. Hilo la tatu nililichukia! Kuponya ndiyo ilikuwa kazi yangu, bila hiyo sikujua mimi ni nani.

Anza kidogo. Akiomba, mwambie utamjibu kesho. Utashangaa shida ngapi zinaisha zenyewe usiku. Hatia itakuja, itakukalia kifuani siku mbili tatu, iache ikae. Akiwa na njaa aje ale kwako, ila hela mkononi hapana. Na mumeo mwambie, hiyo siri ndiyo inayolea mkopo.

Mwana Mkeka: Mimi ni kama huyo mdogo wako, ila wa mama mwingine. Dada yangu akisema hana, nilikuwa nazima simu siku mbili. Ya tatu anatuma mwenyewe, tena na ya kutolea. Kimya kilikuwa mtego. Usimpigie.

Mzee wa Kizota: Kadi hujajibu.

Mleta uzi: Kadi ina jina lake 🙈

Mwana Mkeka, umenigusa penyewe. Jana usiku nimemwambia mume. Hakugomba, aliuliza tu deni limebaki kiasi gani. Laki tano na themanini. Leo dogo amepiga mara nne. Nimemwandikia: jioni kuna wali maharage, njoo. Hajajibu. Simu nimeiacha chumbani, naandika kwa simu ya mume, na sahani yake nimeshaifunika.