Je, Samuel Mockbee aliwajengea maskini wa Alabama au aliwafanyia majaribio?

Mchangiaji aliyetangulia amedai kuwa Samuel Mockbee, msanifu majengo mzaliwa wa Mississippi aliyeanzisha Rural Studio, mpango wa masomo ambamo wanafunzi wa usanifu huchora na kujenga majengo wenyewe, pamoja na D. K. Ruth katika Chuo Kikuu cha Auburn mwaka 1993, aliwageuza Wamarekani Weusi maskini wa Kaunti ya Hale, jimboni Alabama, kuwa uwanja wa mazoezi wa wanafunzi wake. Shutuma hiyo ni nzito, na kwa maoni yangu ina ukweli ndani yake, ila imeelekezwa pasipostahili.

Tuitazame nyumba ya mwaka 1994 kule Mason's Bend, kijiji kidogo cha kaunti hiyo, ambayo kuta zake ni marobota ya nyasi kavu yaliyopigwa lipu. Anayesikia "nyasi" hudhani ni dharau, kumbe unene wa robota huzuia joto la kiangazi na baridi pia, na wazee waliohamia humo walitoka katika kibanda kibovu. Zaidi ya hayo, wanafunzi walizungumza na wenye nyumba kabla ya kuchora, jambo ambalo wasanifu wengi wanaolipwa vizuri hawana subira nalo. Ama medali ya dhahabu ya Taasisi ya Wasanifu Majengo wa Marekani, alitunukiwa mwaka 2004 akiwa ameshafariki, hivyo haiwezi kuwa ushahidi kwamba alitafuta sifa.

Ninapokubaliana na mchangiaji ni kwamba kila jengo lilikuwa la peke yake. Vioo vya mbele vya magari vilivyoezekwa kwenye ukumbi wa Mason's Bend mwaka 2000 vinapendeza pichani, lakini jirani ambaye paa lake linavuja hawezi kuviiga. Kosa, basi, halikuwa kujaribu. Lilikuwa kujaribu jipya kila mara bila kulirudia lililofaa. Baada ya Mockbee kufariki mwaka 2001, Andrew Freear alishika uongozi, na mwaka 2005 wakaanza kubuni nyumba ya dola 20,000, vifaa na ufundi vikiwa humo humo, kiasi ambacho mtu anayeishi kwa pensheni ya serikali angeweza kukikopa na kukilipa. Wapo wanaolalamika kwamba uzuri aliousisitiza Mockbee umepotea. Mimi nauona bado katika baraza za mbele za nyumba hizo.

Ningependa mchangiaji aeleze kama lawama yake inazigusa nyumba hizi pia, maana nazo huchorwa na kujengwa na wanafunzi.