Washington alizaliwa lini: 11 Februari 1731 au 22 Februari 1732?

mwl_Chamwino
Wakuu, habari za jioni. Naandaa wasifu wa ukurasa mmoja mmoja wa watu wa mapinduzi ya Marekani, kwa klabu ya historia ya kidato cha tatu hapa Dodoma: Washington, Franklin, Jefferson na Hamilton. Vitabu vinapishana. Washington ana tarehe mbili za kuzaliwa, Hamilton ana miaka miwili, 1755 na 1757. Nishike ipi?

Ipagala
Mwalimu, hayo ni mambo mawili tofauti. Washington hana utata wowote. Alipozaliwa, Uingereza na makoloni yake walikuwa bado wanafuata kalenda ya Julius, na mwaka mpya kisheria ulianza 25 Machi, kwa hiyo Februari ile bado ilihesabiwa 1731. Mwaka 1752 wakahamia kalenda hii yetu: watu walilala 2 Septemba, wakaamka 14 Septemba.

Kubadilisha: ongeza siku 11. Kisha, kama tarehe ya zamani iko kati ya 1 Januari na 24 Machi, ongeza na mwaka mmoja. Franklin, 6 Januari 1705, anakuwa 17 Januari 1706. Jefferson, 2 Aprili 1743, anasogea siku tu: 13 Aprili 1743. Washington, 11 Februari 1731, anakuwa 22 Februari 1732. Wengi huongeza siku wakasahau mwaka, wakapata 22 Februari 1731, ambayo ni nusu ya zamani nusu ya mpya. Wengine huigeuza tarehe iliyokwisha kugeuzwa na mhariri. Na siku 11 ni za karne ya 18. Kwa karne ya 17 ni 10.

Kizota_Juu
Hamilton sasa. Huyo kalenda haimhusu, maana alizaliwa kisiwani Nevis, Karibi, tarehe 11 Januari, na miaka yote miwili iko baada ya 1752. Mwenyewe alishika 1757. Ila mama yake alipofariki St. Croix mwaka 1768, karatasi za mirathi za mahakama zilimtaja kijana kuwa na miaka 13. Toa 13, unapata 1755. Mimi naegemea huko, kwa kuwa karatasi ile iliandikwa siku zile zile, kabla hajajulikana na yeyote. Kwa wanafunzi andika miaka yote miwili, uwaonyeshe hesabu ubaoni.

Tahadhari na kumbukumbu za uzeeni. Jefferson alianza kuandika maisha yake mwaka 1821 akiwa na miaka 77, na alishikilia kwamba Azimio la Uhuru lilitiwa saini siku ile ile ya 4 Julai 1776. Bunge lilipiga kura ya uhuru 2 Julai, likapitisha maneno ya Azimio 4 Julai, na wengi wakatia saini 2 Agosti. John Adams, mjumbe wa Bunge hilo, alimwandikia mkewe Abigail 3 Julai kwamba siku itakayosherehekewa ni tarehe 2! Barua zao zimewekwa bure kwenye tovuti ya Hifadhi ya Nyaraka ya Marekani. Tafuta kwa tarehe, usitafute kwa jina pekee.

mwl_Chamwino
Shukrani sana wakuu. Saa nazo nizigeuze?

Ipagala
Zigeuze zote. Hamilton na Aaron Burr, makamu wa rais wa wakati huo, walipigana kwa bastola huko Weehawken, New Jersey, 11 Julai 1804, kwenye saa moja asubuhi. Kitabu kitaandika 7, na mwanafunzi ataisoma saa saba. Hamilton alifariki kesho yake, saa nane mchana.