Fundi kaniambia eti "vimetengenezwa hivyo"!!!

Wakuu, hapa naandika mikono inatetemeka. Yule fundi wa Mwanga hapa Kigoma, mnamjua, hata nisipomtaja.

Kompyuta yangu ya steshenari, Pentium 4, ilianza kujizima na kujiwasha yenyewe. Nikampelekea. Eti virusi, akapiga Windows upya, elfu kumi na tano. Wiki iliyofuata virusi tena, akapiga Windows tena. Huyu ukimpelekea hata jino linalouma atalipiga Windows.

Leo nimeenda na mpwa wangu wa kidato cha pili. Mashine imefunguliwa, mtoto ananyoosha kidole pembeni ya prosesa: "Mjomba, mbona hivi vikopo vimevimba vichwa?" Nachungulia: vikopo sita, viwili vichwa bapa, vinne vimetuna kama maandazi, kimoja kimepasuka juu kwenye msalaba, kinatoa uchafu wa kahawia. Fundi akaufuta kwa kidole gumba. "Vimetengenezwa hivyo."

Hivyo vipi?! Vinne hivyo na viwili vile?

Mgebuka Mkavu: Pentium 4? Hiyo si ina kitambulisho cha mpiga kura kabisa?

Bamvua: Siti ya mbele. Picha iko wapi?

Lehemu Moto: Hizo ni kapasita, mkuu, vikopo vya kutunza umeme kwenye bodi. Bodi nyingi za miaka ya mwanzo ya 2000 zina ugonjwa huo: maji ya ndani mabovu, yanazaa gesi, kichwa kinatuna. Ule msalaba umechongwa makusudi, ipasukie hapo isilipuke. Na asikudanganye mtu kuwa ule uchafu wa kahawia ni gundi: gundi ya kiwandani ipo kweli, ila hukaa chini kwenye kitako, siyo kichwani. Ng'oa zote sita, hata hizo bapa, maana nyingine hufa bila kuvimba. Weka za uwezo uleule, volti zisipungue, za kuhimili joto la nyuzi 105. Upande wenye mstari ni hasi, ukigeuza utasikia mlio.

Mleta uzi: Sasa maneno hayo yeye yalimshinda nini? VIMETENGENEZWA HIVYO! Mbele ya mtoto!

Mama Mawese: Afadhali yako imerudi nzima. Yangu ilirudi ramu moja imehama.

Mgebuka Mkavu: Mpeni dogo hiyo meza, fundi arudi shule.

Katubuka Juu: Mafundi wote ukoo mmoja. Wa friji kaniambia gesi imeisha, kumbe plagi imechomoka. Elfu arobaini.

Mama Mawese: Hujakutana na fundi cherehani wewe. Sare ya harusi ya Jumamosi, kanipa Jumatatu. Na mkono mmoja mfupi.

Bamvua: Mkono upi?