Wamenyonya betri yangu ya sola ya nyumbani mpaka tone la mwisho, halafu eti HONGERA!

Wakuu, leo sina salamu. Nimetoka bafuni na sabuni kichwani, naandika kwa jicho moja.

Wale jamaa wa umeme mnaowajua, wale wa "tuazime betri yako kidogo jioni, laini imeelemewa", leo wameiazima kama shemeji anavyoazima gari. Saa kumi na mbili ilikuwa imejaa, uniti 10, jua la kutwa nzima. Saa moja na nusu naingia kuoga. Najipaka sabuni, pampu kimya, giza. Simu inalia: HONGERA, UMEISAIDIA GRIDI! Betri: asilimia 0.

Hongera! Mtu ana povu mpaka kwenye nyusi unampa hongera kama kafunga ndoa!

Najua watasema jioni kila mtu anachaji gari na kuwasha hita, transfoma inazidiwa, kuchota kwenye betri zetu ni nafuu kuliko kulaza nyaya mpya. Sawa. Sasa mbona transfoma imekata vilevile? Nimekamuliwa na giza nimelipata. HONGERA!

Kiberiti: Pole mkuu. Kwenye programu yao uliweka akiba, ile wasiyoruhusiwa kuigusa, asilimia ngapi?

Mleta uzi: Akiba gani?

Kiberiti: 😂😂 Basi, tumemaliza.

MzeeWaNyaya: Hata ingejaa ungeoga gizani. Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa sola na betri uwe wa kutumia nyumbani, isipokuwa na swichi ya kujitenga na gridi huzima yenyewe umeme ukikatika, isije ikapeleka umeme kwenye laini ikamrusha fundi aliye juu ya nguzo.

Mleta uzi: Kwa hiyo fundi kaonewa huruma, mimi nikapewa HONGERA.

Chapuo: Watu wa betri mnadeka. Mimi nina paneli tu. Saa sita mchana mtaa mzima unamwaga umeme kwenye laini, volti zinagonga kikomo cha 253, inveta inajizima. Jua la kukaanga ubongo na bado nanunua uniti!

Dada_Tochi: Chaja ya gari langu waliibana jioni nzima, saa nne wakaziachia zote kwa mpigo. Magari na hita vikarukia pamoja, transfoma chini tena. Foleni ya saa moja wameihamishia saa nne.

Kiberiti: Hilo gari likijaa linakwenda kilomita ngapi?

Dada_Tochi: 300 ukiendesha kwa adabu.

Chapuo: Unauza?

Mleta uzi: Jamani, povu limekauka huku.

Dada_Tochi: @Chapuo njoo inbox.