Kifungo kisicho na tarehe: robo yake ni miaka mingapi?

Wanajamvi, salaam kutoka Tanga. Naandika nikiwa na hasira, na sitaificha.

Binamu yangu alikuwa na miaka 17 siku vijana wa vyama viwili walipokabiliana kwa mawe na marungu baada ya mkutano wa kampeni, mtu mmoja akafa. Alitiwa hatiani kwa mauaji pamoja na wenzake. Kwa kuwa hakuwa ametimiza miaka 18, kifungu cha 26 cha Kanuni ya Adhabu kilizuia asihukumiwe kunyongwa, kikaelekeza awekwe kizuizini kwa ridhaa ya Rais, yaani mpaka Rais atakapoamua atoke. Watu walimpongeza shangazi kwamba mwanawe amenusurika kitanzi, na hakuna aliyemweleza kuwa maneno hayo hayana mwisho.

Kila ifikapo 9 Desemba na 26 Aprili, shangazi hakaangi maandazi yake pale Makorora. Anakaa na redio kusubiri msamaha. Tangazo husomwa kwa makundi: wagonjwa, wazee, wajawazito, waliokwisha kutumikia robo ya adhabu. Nauliza mbele yenu nyote, robo ya kifungo kisicho na urefu ni miaka mingapi? Sheria ya Bodi za Parole ya 1994, ya kumwachilia mfungwa mapema kwa masharti, nayo inapima kwa theluthi ya adhabu, kwa hiyo huko pia hana pa kusimama. Aliyefungwa miaka 30 anajua anahesabu kuelekea wapi, ilhali mtoto aliyehurumiwa na sheria anazeeka bila hesabu.

Sisahau kwamba kuna aliyekufa. Ndugu zake tunaishi nao mji huu huu, tunazikana, na machungu yao nayaheshimu. Lakini vyama vile vile vilivyowapanga vijana barabarani, leo viongozi wake wanapeana mikono, na falsafa ya R nne ya Rais Samia tunayohubiriwa (maridhiano, ustahimilivu, mageuzi na kujenga upya) inaanza na maridhiano. Maridhiano hayo yaliishia kwa wakubwa?

Ireland Kaskazini walizika watu zaidi ya 3,500 katika miaka thelathini ya uhasama. Makubaliano ya 10 Aprili 1998 yalisema wafungwa wa makundi yaliyosimamisha vita, hata wa maisha, waachiliwe ndani ya miaka miwili. Sheria ikatungwa mwaka huo huo, wakateuliwa makamishna wa kupitia maombi ya kila mfungwa, na kila aliyetoka alitoka kwa masharti, akiyavunja anarudishwa ndani. Kufikia mwishoni mwa Julai 2000, zaidi ya 400 walikuwa wametoka. Wapo wafiwa walioumia sana, nami siwezi kuwalaumu. Hata hivyo serikali ilithubutu kutaja muda, na ikataja nani anaamua.

Kwetu, ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kusamehe, wala sipingani nao. Ninachopinga ni familia kubaki bila tarehe ya mapitio, bila chombo cha kumsikiliza mfungwa mwenyewe, bila sababu ya maandishi anapokataliwa. Tukiuliza tunaambiwa faili liko juu. Juu wapi, kwa nani?

Mwezi uliopita tulipeleka barua ya tatu. Nakala yetu imegongwa muhuri wa mapokezi, jibu hakuna. Mwanasheria au askari magereza mstaafu anayejua faili la namna hii hupitiwa na nani, na kila baada ya muda gani, atuandikie hapa. Nauli ya basi shangazi ameshaiweka pembeni.