Naomba ushauri: crostata ya jamu inanishinda kwa joto la Pwani

Wakubwa shikamooni, na wengine habari zenu. Hapa Malindi Waitaliano ni majirani wa miaka mingi, na crostata yao ya jamu, yaani pai bapa yenye jamu na mikanda ya donge iliyopishanishwa juu, naipenda mno. Nataka niipike vizuri nyumbani, niwaandalie wageni wa Idi.

Donge lake, wenyewe huliita pasta frolla, nalifanya kwa unga wa ngano gramu 300, siagi baridi gramu 150, sukari gramu 120, yai zima moja, kiini kimoja na ganda la limau lililokwaruzwa. Siagi naisugua kwenye unga kwa ncha za vidole mpaka iwe chengachenga, kisha donge linalala kwenye friji saa nzima. Hadi hapo mambo ni mazuri.

Shida ni joto letu. Nikianza kukata ile mikanda ya kupishanisha juu, siagi inayeyuka, mikanda inanata kibaoni na kukatikia mkononi. Kwenye oveni ya nyuzi 180, juu panapata rangi nzuri kwa dakika 35, lakini chini, pale jamu ilipokalia, bado pabichi. Jamu ni ya maembe, nimeipika mwenyewe, na ni nyepesi kuliko ya aprikoti wanayotumia wao.

Je, niirudishe jamu motoni ikauke zaidi, au nioke kitako peke yake kwanza? Naogopa mikanda haitashikana nacho pembeni. Kuna aliyejaribu kusukuma donge katikati ya karatasi mbili, akaligandisha kidogo kabla ya kukata? Na wenye oveni ya gesi, trei mnaiweka ngazi ipi?