Mrejesho: honi iliyokuwa inalia ukikata kushoto tu

Wakuu, asanteni. Ile honi ya gari langu niliyoiuliza hapa, ambayo ukiibonyeza ilikuwa inalia usukani ukikatwa kushoto tu, ukinyooka kimya, imepona nusu.

Aliyesema niunganishe tundu la 30 (umeme unapoingia) na 87 (unapotoka kwenda kwenye honi) kwenye soketi ya rilei, ile swichi ya umeme ya honi, ndiye aliyepatia: honi zote mbili za gari zililia, kumbe fyuzi nzima, ugonjwa uko usukani. Nilitoa hasi ya betri, nikasubiri dakika 10 kwa usalama wa eabegi (mfuko wa hewa ulio ndani ya usukani), nikafungua. Utepe wa nyaya unaojikunja nyuma ya usukani umekatika. Kuulehemu kulidumu siku mbili. Nimefunga mwingine, tairi zikiwa zimenyooka na utepe ukiwa katikati. Ukikosea hapo, unakatika kwenye kona.

Honi ya besi bado inakoroma. Chumvi ya hewa ya Tanga imekula terminali, msasa haukusaidia. Hiyo nanunua nyingine.